Ushuru na Fungu la Kumi: Kodi ya Ardhi na Maendeleo ya Jamii Katika Nchi ya Suna

Utangulizi

Msemaji wa Kidholuo wa Migori au Homa Bay huita kodi osuru. Asili ya neno hilo haijifichi: ni ushuru wa Kiswahili uliopita katika kinywa cha lugha isiyokuwa na sauti sh. Kiswahili nacho kililipokea neno kutoka Kiarabu, ambako shina lake ni lile la hesabu ya kumi. Ushuru wa asili, kwa hiyo, ulikuwa sehemu moja katika kila sehemu kumi za mazao au bidhaa. Mtozaji alichukua fungu la kumi, mwenye mali akabaki na mafungu tisa.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, pengine bila waandishi wake kuikumbuka etimolojia hiyo, ilirudi kwenye hesabu hiyo hiyo lakini ikaigeuza. Katika mrabaha unaolipwa kwa ajili ya madini, asilimia 70 ni ya Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 ni ya serikali ya kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kwa mara ya kwanza fungu la kumi halitoki kwa mwenyeji, linatakiwa kumrudia.

Makala haya yanafafanua kwa nini fungu hilo ni gumu kulipata katika nchi ya Suna, yaani eneo linaloukumba mji wa Migori na viunga vyake, na jambo hilo lina uhusiano gani na kodi ya ardhi inayotozwa mjini. Hoja inayoongoza mjadala ni kwamba kodi ya mali huijenga jamii pale tu ambapo sheria inaiona jamii hiyo ikiwa na ardhi. Nchini Suna, hatua iliyoifanya ardhi iweze kutozwa kodi ndiyo iyo hiyo iliyoifuta jamii katika daftari la wamiliki.

Kodi ya Nyumba

Katika Kiswahili cha Kenya cha leo, mpangaji akisema kwamba amelipa kodi ya nyumba, hakuna anayedhani kuwa ameilipa serikali. Amempa mwenye nyumba pesa za mwezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 maneno hayo hayo yalikuwa na uzito mwingine. Kuanzia mwaka 1901 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilitoza kodi kwa kila kibanda cha Mwafrika, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na vibanda vyao wenyewe. Nchi za kandokando ya ziwa, Suna ikiwemo, ziliingia chini ya utaratibu huo baada ya mwaka 1902, wakati Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wa Kenya. Suna ikawa sehemu ya wilaya ya South Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka Kisii.

Ni vyema kuitazama kodi hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo kodi ya kwanza ya mali iliyotozwa Suna. Kitu kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, si ardhi. Katika dala, yaani boma la Mluo, kila mke ana nyumba yake. Mume mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba tatu, hata kama mifugo na mashamba ya dala zima yalikuwa yale yale ya jirani mwenye mke mmoja. Aidha, kiwango hakikutofautisha kibanda cha mjane na nyumba ya chifu. Ilikuwa kodi ya mali isiyouliza thamani ya mali. Malipo yalidaiwa kwa sarafu, na sarafu haikulimwa shambani. Mtu aliitafuta kwa kuuza ng'ombe au kwa kwenda kufanya kazi mbali, kwenye mashamba ya walowezi au kwenye reli. Kwa hakika wengi miongoni mwa wanahistoria wanaona kwamba kuwatoa vijana nyumbani lilikuwa lengo la kodi hiyo, wala si ajali yake.

Mwaka 1920 kiwango kilifikia shilingi 16. Mwishoni mwa mwaka uliofuata wasomi wa misheni walikutana Lundha, Gem, upande wa pili wa Ghuba ya Winam, wakaunda chama kilichojulikana kwa umma kama Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor Gumbe. Mwaka 1922 gavana alikutana nao, na kodi ikapunguzwa hadi shilingi 12. Mwaka 1923 kasisi wa Kianglikana mwenye cheo cha Archdeacon, W. E. Owen, alikigeuza chama hicho kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Jina hilo linastahili kuzingatiwa. Mtu wa Nyanza, ambaye hakuwa na kura wala mbunge, alipata jukwaa la kusema kwa sababu alikuwa na risiti ya kodi.

Baada ya mwaka 1924 yaliundwa Mabaraza ya Wenyeji, ambayo yaliruhusiwa kutoza kiwango kidogo juu ya kodi ya serikali kuu na kukitumia papo hapo wilayani. Shule, zahanati, madaraja na vitalu vya miti vilitokana na fedha hizo. Haikuwa hisani, kwani wakuu wa wilaya ndio waliokuwa wenyeviti wa mabaraza hayo, lakini ndipo mwenyeji alipoanza kuona mahali ambapo shilingi yake ilikuwa imetua. Mfumo huo uliendelea kwa sura mbalimbali hadi uhuru, kisha ukanyauka kwa haraka. Sheria ya mwaka 1969 iliziondolea halmashauri za wilaya kazi za elimu ya msingi, afya na barabara. Miaka michache baadaye kodi ya kichwa ya ngazi kwa ngazi, iliyokuwa nguzo ya mapato yake, ikafutwa. Halmashauri zikabaki na ada za soko, leseni, ushuru wa mazao, na, kwa zile zilizokuwa na miji, kodi ya ardhi.

Suna ni Nani?

Swali hili linaweza kuonekana kuwa la wanaisimu na wanahistoria pekee. Sivyo, lina bei yake kwa shilingi.

Wasuna husema Kidholuo na huhesabiwa miongoni mwa Waluo, lakini koo zao nyingi zinasimulia asili ya Kibantu, iliyo karibu na ile ya Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na ya majirani zao Wakuria. Mwanahistoria Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Waluo-Abasuba, alieleza jinsi jamii za Kibantu za ukanda huo wa ziwa zilivyogeuka kuwa Waluo kwa lugha na kwa desturi. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuona alama za mabadiliko hayo. Majina ya maeneo ya Waluo yaliyopakana na Suna huanza kwa ka-: Kanyamkago, Kadem, Kabuoch. Ndani ya Suna kwenyewe kuna Wasweta na Wasimbete, majina yaliyobeba kiambishi kinachofanana na kile cha wingi wa ngeli ya kwanza katika Kiswahili. Lugha ilibadilika, kiambishi kikabaki.

Kabla ya hatimiliki, ardhi ya Suna ilikuwa mikononi mwa koo kwa utaratibu uliofanana na ule wa Waluo wengine. Aliyezaliwa katika ukoo alikuwa wuon lowo, mwenye ardhi. Mgeni aliyepokewa aliitwa jadak, mkazi. Jadak hakulipa kodi kwa maana ya leo. Alilima, alisaidia katika kazi, aliheshimu wenyeji, na alijua kwamba angeweza kuambiwa aondoke. Baadhi ya jodak walikaa vizazi vitatu bila kuambiwa. Palikuwepo, kwa hiyo, aina ya deni la ardhi lisilokadiriwa kwa fedha na lisiloisha.

Uhuru ulipoingia, Katiba iliiweka ardhi ya namna hiyo chini ya amana ya halmashauri ya wilaya, kwa manufaa ya wakazi wake. Kisha, chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968, wapima walipita, kamati zikaketi chini ya miti, mipaka ikapandwa katani na miti, na kila kipande kikaandikwa kwa jina la mtu. Mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mwanamume aliyekuwa kichwa cha dala siku ile. Wake, wana wasioolewa na jodak hawakuandikwa. Usajili wa kwanza chini ya sheria ya 1963 haukuweza hata kupingwa mahakamani kwa madai ya hila.

Hapa pana jambo dogo ambalo hupita bila kutazamwa. Namba ya shamba katika eneo hili huanza kwa maneno kama "Suna East/Wasweta I", kisha hufuata tarakimu za kipande. Ukoo upo kwenye hati. Umechapwa kwa herufi kubwa, juu kabisa, mahali pa heshima. Lakini haupo kama mmiliki. Upo kama anwani. Mwenye haki mbele ya sheria ni jina la mtu mmoja lililoandikwa chini yake, na katika hati zisizo chache mtu huyo alikwisha kufariki dunia zamani, na wajukuu wake wanalima bila kubadilisha hati kwa sababu gharama za mirathi ni kubwa kuliko mavuno ya mwaka.

Jinsi Kodi ya Ardhi Inavyofanya Kazi

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, kodi mbili zimetajwa waziwazi kuwa za kaunti: kodi ya mali na kodi ya burudani. Kodi nyingine kaunti huruhusiwa kwa sheria ya Bunge. Kodi ya mali, basi, ndiyo chombo kikubwa zaidi ambacho kaunti imepewa na Katiba yenyewe. Kwa miongo mingi kodi hiyo iliongozwa na sheria mbili za zamani, ya ukadiriaji na ya utozaji, ambazo zilifutwa na Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Ardhi ya mwaka 2024.

Utaratibu wake wa msingi ni huu. Mthamini hutayarisha daftari linaloorodhesha kila kiwanja katika eneo husika, ukubwa wake, mmiliki wake na thamani yake. Kaunti huamua ni senti ngapi zitozwe kwa kila shilingi ya thamani. Mmiliki huletewa hesabu kila mwaka. Asipolipa, riba huongezeka, na hawezi kuuza wala kuhamisha ardhi bila cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi.

Katika miji mingi ya Kenya, jambo linalokadiriwa limekuwa ni thamani ya kiwanja kitupu, si ya jengo lililo juu yake. Tanzania imechukua njia nyingine. Huko kodi ya majengo ndiyo inayotajwa zaidi, na tangu mwaka 2021 hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kiasi kwamba mtu hulipa kodi ya mali kila anapowasha taa. Mbinu ya Kenya ina mantiki yake. Kiwanja hupanda thamani kwa sababu ya barabara, soko, umeme na umati wa watu, vitu ambavyo mwenye kiwanja hakuvijenga peke yake. Kuitoza kodi thamani hiyo ni kuirudishia jamii ilichokizalisha. Pia anayejenga haadhibiwi kwa kujenga.

Mantiki hiyo, hata hivyo, inapata shida inapofika pembeni mwa mji wa Migori. Mji umekaa juu ya barabara kuu inayotoka Kisii hadi mpaka wa Isebania na kuingia Tanzania. Unakua kwa kufuata lami. Mpaka wa mji unaposogezwa, humeza mashamba. Siku moja mkulima ana ekari mbili za mahindi na muhogo, siku ya pili ana ekari mbili za kiwanja kitupu kilicho kando ya barabara ya kimataifa. Mahindi hayajaongezeka hata gunia moja. Mthamini akifuata soko, atasema, kwa haki kabisa, kwamba ardhi hiyo ni ghali. Mkulima naye atasema, kwa haki ile ile, kwamba hana mpango wa kuiuza, kwa kuwa baba yake na babu yake wamezikwa humo.

Makaburi katika dala si jambo la hisia tu. Miongoni mwa Waluo, kaburi ndilo lililokuwa ushahidi wa haki ya kukaa mahali kabla hapajawa na hati. Ardhi yenye makaburi ina thamani isiyokuwa na mnunuzi, na kodi inayotegemea bei ya mnunuzi haiwezi kuipima. Dawa inayopendekezwa kwa kawaida ni kutenga kiwango cha chini kwa ardhi inayolimwa ndani ya mji, au kuahirisha deni hadi ardhi itakapouzwa. Zote mbili ni za maana, na ni nafuu kuliko kumburuta mjane mahakamani kwa deni lililoandikwa kwa jina la marehemu.

Nje ya mpaka wa mji, kwa upande mwingine, kodi ya ardhi haikutozwa kwa kawaida. Ndipo jambo la ajabu linapotokea: kipande kilichomo mjini kinachozaa mahindi kinalipa, na kipande kilichoko mashambani kinachozaa dhahabu hakilipi.

Dhahabu ya Masara

Ukanda wa dhahabu wa Migori umechimbwa tangu enzi za ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder, katika eneo la Nyatike, ulitoa dhahabu na shaba hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wenyeji hawakufunga. Waliendelea na wanaendelea kuchimba kwa sururu, nyundo na kamba, Nyatike na pia Masara, katika Suna Magharibi, ambako mashimo yamo katikati ya mashamba yenye hatimiliki.

Madini yenyewe, kwa mujibu wa Katiba, ni mali ya umma hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Lakini mtu hawezi kuyafikia bila kupita juu ya ardhi, na hapo desturi imetunga kodi yake yenyewe. Mawe yanapotolewa shimoni, magunia hugawanywa: wachimbaji wana sehemu yao, mwenye shimo ana yake, na mwenye shamba ana yake. Gunia la mwenye shamba hulipwa papo hapo, halina daftari, halina riba, na hakuna anayehitaji kueleweshwa maana yake. Ukilitazama kwa jicho la mwanauchumi, ni kodi ya mali iliyokamilika isipokuwa kwa jambo moja: linaishia mfukoni mwa mtu mmoja. Shule iliyo mita mia mbili kutoka shimoni haipati jiwe. Wanawake wanaoponda na kuosha mawe, ambao ni wengi, hupata ujira wa siku. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu inaingia mtoni bila kubagua koo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluo wa Nyanza Kusini katika miaka ya 1980, aliandika mwaka 1989 kuhusu kile ambacho wenyeji walikiita pesa makech, pesa chungu. Pesa iliyotokana na kuuza ardhi, dhahabu au tumbaku iliogopwa. Haikufaa kununulia ng'ombe wa mahari bila kutakaswa, kwa sababu ingeleta maafa katika familia. Ni rahisi kuiita imani hiyo ushirikina na kuendelea na safari. Lakini tazama bidhaa zilizotajwa. Ardhi ni ya ukoo, na anayeiuza anakula cha wasiozaliwa. Dhahabu hutoka katika ardhi hiyo hiyo na haioti tena. Katika uchungu wa pesa hizo kulikuwa na kanuni ya uchumi: mtu mmoja asijitajirishe kwa mali ambayo hakuirithi peke yake. Kanuni hiyo haikuwa na mkusanyaji wala ofisi, ilikuwa na hofu tu, na hofu haijengi zahanati. Bado ndiyo hoja ya karibu zaidi na kodi ya mali ambayo fikra za wenyeji wenyewe ziliizaa.

Sasa lije fungu la kumi. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii. Yapo matatizo mawili kabla ya pesa kufika Masara. La kwanza ni kwamba mrabaha huhesabiwa kutokana na madini yaliyouzwa kwa kumbukumbu. Dhahabu inayouzwa jioni kando ya shimo kwa mnunuzi mwenye mizani ndogo haiachi kumbukumbu, na asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Sheria hiyo iliruhusu wachimbaji wadogo wapewe vibali kupitia kamati za kaunti. Pale ambapo vibali havipo, hata serikali ikiwa na nia njema haina cha kugawa.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo ni la tafsiri ya neno jamii. Mahali ambapo ardhi haijagawanywa, kama katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu watu wajisajili, wawe na kamati, daftari la wanachama na akaunti ya benki. Jamii inapata mwili. Suna haina mwili huo. Ardhi yake iligawanywa katika hatimiliki miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Mbele ya afisa mwenye hundi, Masara ni orodha ya wamiliki binafsi, na ukoo ni ile anwani iliyo juu ya hati.

Mfano wa Kamloops

Hali hii si ya Suna pekee, na inafaa kutazama jinsi wengine walivyoishughulikia. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, wenyeji wa asili wa Kamloops walikuwa na eneo la viwanda katika ardhi yao waliyokuwa wameikodisha kwa makampuni ya watu wa nje. Makampuni hayo yalilipa kodi ya mali, lakini kwa serikali ya jimbo, ilhali huduma hazikulingana na fedha zilizochukuliwa. Chini ya uongozi wa chifu wao, Manny Jules, walidai kuwa ardhi iliyokodishwa bado ni ardhi ya jamii, na kwamba jamii ndiyo inayopaswa kutoza. Mwaka 1988 Bunge la Kanada lilikubali kurekebisha sheria. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria nyingine iliyounda taasisi za fedha za wenyeji hao, ikiwemo tume ya kodi inayosimamia haki za mtoza na mtozwa. Jamii zilizojiunga ziliweza hata kukopa kwa kuweka mapato ya kodi kuwa dhamana, zikajenga mabomba ya maji na barabara.

Mfano huo hauwezi kuhamishiwa Migori kama ulivyo, na anayejaribu atafanya madhara. Kamloops walikuwa wametengewa ardhi isiyogawanywa, na waliotozwa walikuwa wapangaji. Suna haina ardhi ya namna hiyo, na mji wa Migori ni wa watu wengi: Waluo wa koo mbalimbali, Wakuria, Wakisii, Wasomali, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Kodi inayotozwa na ukoo dhidi ya asiye wa ukoo ingemrudisha jadak mahali pake pa zamani, safari hii kwa hesabu ya shilingi, na Kenya imekwisha kuona, mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, swali la nani mwenyeji na nani mgeni linakoweza kufika.

Kinachohamishika ni jambo moja tu: kwanza jamii ilipata mwili wa kisheria, kisha kodi ikafuata. Na kwa bahati nzuri sheria za Kenya hazilazimishi mwili huo uwe wa damu. Sheria ya Ardhi ya Jamii yenyewe, katika kufasili neno jamii, inataja nasaba na kabila, lakini inataja pia utamaduni, njia ya kujipatia riziki, na eneo la kijiografia. Kwa fasili hiyo, jamii ya Masara inaweza kuwa wote wanaoishi na kufanya kazi kuzunguka mashimo: mwenye shamba, mchimbaji aliyetoka Kuria, mwanamke anayeosha mawe, jadak wa kizazi cha tatu. Wanaweza kujisajili kama ushirika au amana, wakapata kibali, wakauza kwa kumbukumbu, na wakawa na mahali pa kupokelea asilimia 10 inapotoka. Hata gunia la mwenye shamba linaweza kutoa jiwe moja kwa shule, kwa maafikiano, bila kungoja Nairobi. Wenye mashamba watapinga, na hawana kosa kupinga. Hadi sasa wao pekee ndio wenye uhakika wa kulipwa.

Kwa upande wa mjini, serikali ya kaunti hupeleka muswada wa fedha kwa wananchi kila mwaka kabla ya kuupitisha, kama Katiba inavyotaka. Hapo ndipo kiwango cha kodi ya ardhi hujadiliwa, na hapo ndipo ingewezekana kudai kwamba sehemu ya kodi inayokusanywa katika wadi fulani ionekane katika wadi hiyo, kama shilingi ya Baraza la Wenyeji ilivyoonekana. Walipa kodi wa mwaka 1922 walipata punguzo la shilingi 4 wakiwa hawana katiba wala kura.

Lugha ya Daftari

Limebaki jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo sheria zote zilizotajwa katika makala haya ziliandikwa kwa Kiingereza, na istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili. Kodi ya ardhi huitwa "reti" sokoni, "kodi ya viwanja" kwa mwandishi mmoja na "ushuru wa ardhi" kwa mwingine. Neno kodi lenyewe limebeba kwa pamoja kile mpangaji anachompa mwenye nyumba na kile mwenye nyumba anachoipa kaunti. Mtu akiambiwa katika baraza kwamba kodi ya nyumba itapanda, mpangaji na mwenye nyumba huondoka wote wawili wakiwa wamekasirika, kila mmoja kwa habari tofauti. Mrabaha halijulikani na wengi wanaochimba. Na jamii, neno ambalo asilimia 10 imening'inizwa juu yake, hutafsiriwa Suna kwa Kidholuo kama oganda, ambalo msikilizaji hulielewa kuwa kabila au watu wa asili moja. Sheria inaposema watu wa mahali pamoja, mkutanoni husikika watu wa damu moja, na jadak aliyeketi nyuma hunyamaza.